Bawabu wa Usiku

Saa tatu na nusu usiku, DJ akiwa bado anakunjua nyaya zake, bawabu ninayemzungumzia huanzia kazi mahali ambapo hakuna mteja atakayemwona. Hupita kati ya meza zilizopandishiwa viti, hukata kona ya jikoni, hufika kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi na kuufungua. Huufungua wote, mpaka ubao uguse ukuta wa nje. Huufunga, kisha huufungua tena. Akikuta kreti za soda zimepangwa pale, huzihamisha kwa mikono yake mwenyewe, na kesho yake humkumbusha mtu wa stoo kwa sauti ileile ya juzi. Baada ya hapo ndipo hurudi mbele, husimamisha vyuma viwili vya kufungia kamba, hukunja mikono ya shati lake jeusi mara mbili, na kusimama.

Nimekaa pembeni yake Ijumaa kadhaa, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza ya kiingilio, huko Kinondoni, Dar es Salaam. Nilikwenda kwa sababu ya ubao unaoning'inia juu ya kichwa chake: hakuna ndala, hakuna kaptula, hakuna singlendi, hakuna kofia. Nilitaka kujua nani aliamua hayo, na kwa nini. Nilichokikuta ni ufundi mzima, wenye mizani yake na aibu zake, ambao wengi tunaupita kila mwisho wa wiki tukiwa tumenyoosha mkono upigwe mhuri. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Usiku mzuri nao huelea, na mmoja wa waliouunda ni mtu ambaye hakucheza hata wimbo mmoja.

Mjini wanamwita baunsa, neno linalotazama kifua na mikono. Kwenye karatasi za mshahara ameandikwa mlinzi, neno linalotazama mali. Kiswahili kina neno la zamani zaidi, lililotufikia kutoka Kiarabu: bawabu, mtu wa mlango. Nilipomtajia alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo bibi yangu alikuwa nalo." Mimi nalipenda kwa sababu linamweka upande wa mwenyeji. Mlinzi anaweza kuwa mgeni katika nyumba anayoilinda. Bawabu huongea kwa niaba ya nyumba. Akikosa adabu yeye, nyumba nzima imekosa adabu.

Watu wa pwani walikuwa na elimu ya mlango kabla ya umeme kufika. Mgeni haingii tu, hupiga hodi. Hupiga ya kwanza akangoja, ya pili akangoja, na ya tatu ikikosa jibu hugeuza njia bila kinyongo. Katika nyumba za mawe za Lamu mlango wenyewe umejengwa kwa hatua. Nje kuna daka lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mtu mwenye shughuli ndogo hukaa, huzungumza na kuondoka bila kukanyaga ndani. Baada ya mlango kuna tekani, na njia yake hukata kona ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kila hatua ni swali linaloulizwa kwa adabu: wewe ni nani, umekuja kwa lipi, uishie wapi. Aliyeishia dakani hakudhalilishwa. Alipokewa pale palipomfaa.

Ile kamba ya Kinondoni na vyuma vyake viwili ni daka la mjini. Bawabu huuliza pale maswali yaleyale matatu, kwa mamia ya watu katika usiku mmoja, muziki ukimpiga mgongoni, na kila mmoja akitaka jibu kabla hajaulizwa.

Watu hudhani jicho lake huanzia viatuni. La huyu huanzia barabarani, bajaji zinaposhusha abiria. Hutazama jinsi mtu anavyomlipa dereva. Anayetupa noti bila kugeuza shingo, ndani atamrushia mhudumu maneno vivyo hivyo. Kati ya barabara na ukumbi kuna mtaro, na juu yake kidaraja chembamba cha zege. Hicho ndicho kipimo chake cha ulevi. Mtu mwenye akili zake timamu hukivuka huku akiendelea na mazungumzo. Aliyekwisha kunywa kwingine hunyamaza, hutazama miguu, huhesabu hatua. Akifika kwenye kamba, bawabu amekwisha kujua.

Kundi likija, hamtafuti mwenye umbo kubwa. Humtafuta yule ambaye wenzake humtazama kwanza kabla ya kucheka. Huyo ndiye atakayepewa mkono, ndiye atakayeambiwa, "Kiongozi, hawa wote ni wako, sawa?" Kwa maneno hayo machache amekwisha kuajiri msaidizi asiyelipwa. Saa saba za usiku, ugomvi ukitaka kuzuka kwenye meza yao, bawabu haondoki mlangoni. Humtafuta kiongozi kwa macho, humwinulia kidole kimoja, na mara nyingi meza hutulia.

Ng'ambo ya kamba husimama dada anayekagua mikoba, mwenzake wa miaka mingi. Yeye ndiye hupekua wanawake, maana mkono wa mwanamume hauna ruhusa hapo, na yeye ndiye mwenye jicho la umri. Kitambulisho hukisoma mwisho. Kwanza humuuliza binti amekuja na nani, kisha humuuliza atarudi na nani. Msichana wa miaka 16 aliyepakwa rangi ya mdomo na dada yake hujibu la kwanza haraka, kwa kuwa alifundishwa nyumbani. La pili hakufundishwa, na hapo hubabaika.

Kuhusu ubao, nilimwomba bawabu anieleze neno kwa neno. Kofia imekatazwa kwa sababu ya kamera iliyo juu ya mlango. Sura lazima ionekane. Ndala zimekatazwa kwa sababu ya chupa. Ikifika saa nane usiku sakafu ina vipande vya glasi gizani, na miguu iliyo wazi ndiyo huishia kufungwa kitambaa jikoni. Singlendi ni jasho: watu hubanana bega kwa bega, na ugomvi mwingi huanzia kwenye kugusana. Alipofika kwenye kaptula alisita. "Kaptula ni heshima tu," akasema. Nilimwelewa. Wapenzi wa dansi wa enzi za Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1932, walikwenda ukumbini kwa suti na tai katika joto hilihili letu, na mavazi yale yalisema jambo. Mtu aliyeitwa boi mchana kutwa, usiku alikuwa bwana, na aliyesimama mlangoni alimpokea kama bwana.

Ufundi wenyewe niliuona usiku alipokuja mzee aliyetoka harusini: kanzu nyeupe, koti, kofia ya viua, na miguuni makubadhi. Kwa mujibu wa ubao alikuwa na makosa mawili, kofia na kiatu cha wazi. Kijana wa meza ya kiingilio alikwisha kuinua mkono amzuie. Bawabu akamtangulia. "Shikamoo, mzee. Karibu. Harusi imekwisha salama?" Mzee akaitikia, akasimulia kidogo, akapita. Bawabu akamnong'oneza mhudumu ampe meza ya pembeni, mbali na mahali pa kuchezea, penye sakafu safi. Kisha akanigeukia: "Ubao unamkataza mtu ambaye hakujiandaa. Yule amejiandaa kuliko sisi sote." Kofia ya viua haifichi uso, na makubadhi yaliyo mbali na chupa hayana hatari. Kwa kuwa anajua kila katazo lilizaliwa na nini, anajua pia linapokoma.

Katazo la mavazi likiachwa peke yake, bila mtu wa kulisoma, huwa gumu kama msumari. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti za Kaunda hazitaruhusiwa bungeni. Vazi lililobeba jina la rais wa kwanza wa Zambia, lililovaliwa kwa fahari na viongozi wa Afrika iliyojitawala, likakwama mlangoni. Kwetu Tanzania mambo yaliwahi kuwa makali zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zipigwe vita. Siku yenyewe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yakawashambulia wanawake Kariakoo kwa sababu ya nguo zao. Kila mwenye nguvu alijifanya bawabu wa mji mzima, na hakuna aliyekuwa na elimu ya kazi hiyo.

Elimu hiyo huonekana zaidi bawabu anapokataa. Huyu wa Kinondoni hukataa hivi. Kwanza hutoka nje ya kamba, kwa kuwa akisema hapana akiwa ndani na mwenzake akiwa nje, kamba imegeuka ukuta. Humsogeza mtu kando, bega kwa bega, wote wawili wakitazama barabara, ili wanaongoja kwenye foleni wasione sura ya yeyote kati yao. Sauti yake hushuka, na yule mwingine hulazimika kushusha yake ili asikie. Kijana humwita mdogo wangu. Wa rika lake, kaka. Mwanamke, dada au mama kwa kadiri ya umri. Hutoa sababu moja, basi, na sababu hiyo huiweka kwenye kitu: viatu, saa, nafasi. Mtu akiwa na mchumba wake, dada wa mikoba huanza mazungumzo na yule binti kuhusu nywele alizosuka, na maneno ya wanaume wawili hubaki kuwa yao.

Mwisho humwachia njia ya kurudi. "Mdogo wangu, leo hivyo viatu havitapita. Nyumbani wapi? Mwananyamala? Nenda, ukirudi hutapanga foleni." Nilidhani ni namna ya kumfukuza kwa upole. Baada ya kama dakika arobaini kijana yuleyule akatokea akiwa na viatu vyeusi vya kufunga, vikubwa kuliko miguu yake, vya kaka yake bila shaka. Walikuwapo watu wengi mbele yake. Bawabu alimwona akiwa bado kwenye kidaraja, akainua kamba, akamwita. Uso wa kijana yule nitaukumbuka muda mrefu. Dakika arobaini kabla alikuwa amekataliwa, na sasa alikuwa anaingia kama mtu aliyealikwa.

Nimesoma habari za milango mikubwa ya dunia nikimlinganisha nayo. Mashuhuri kuliko yote katika karne iliyopita ilikuwa Studio 54, iliyofunguliwa na Steve Rubell na Ian Schrager jijini New York tarehe 26 Aprili 1977, katika jengo lililoanza kama ukumbi wa opera. Mlangoni alisimama Marc Benecke, kijana wa miaka 19, na mara nyingi Rubell mwenyewe alitoka akachagua watu kwa kidole, akiifananisha kazi hiyo na kuchanganya saladi. Usiku wa kuukaribisha mwaka 1978, wanamuziki Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic walifika hapo kwa mwaliko wa mwimbaji Grace Jones. Majina yao hayakuwapo kwenye orodha. Walifukuzwa kwa ukali, wakarudi nyumbani kwa Rodgers, wakapiga gita na besi kwa hasira hadi ikazaliwa "Le Freak", wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka huohuo wa 1978. Watu husimulia kisa hiki kama bahati njema. Mimi hukiona kama kumbukumbu ya kazi iliyoharibika: watu wawili ambao nyimbo zao zilikuwa zikichezwa ndani ya ukumbi ule, na mlangoni hakupatikana mtu wa kuwaambia ngojeni kidogo, ndugu zangu, niulize.

London ilitoa somo tofauti. Mwaka 1979 kijana wa Wales aliyeitwa Steve Strange alianza kusimamia mlango wa Blitz, baa iliyokuwa Great Queen Street, Covent Garden, kila Jumanne. Rafiki yake Rusty Egan alipiga santuri, na kwenye chumba cha makoti alifanya kazi kijana ambaye dunia ingemjua kama mwimbaji Boy George. Sharti la Strange lilikuwa juhudi. Pesa hazikutosha, na jina halikutosha. Inasimuliwa hadi leo kwamba mwimbaji Mick Jagger alirudishwa pale mlangoni. Wanafunzi wa vyuo vya sanaa waliokuwa hawana kitu walishona mapazia kuwa nguo, wakakata mashati ya zamani, wakajipaka poda na wanja, wakaingia kama wafalme. Mwaka 1980 mwimbaji David Bowie alikwenda pale akamchukua Strange na wenzake kadhaa waonekane kwenye filamu ya wimbo wake "Ashes to Ashes". Naupenda mlango ule kwa jambo moja: ulimtaka mtu alete kitu alichokitengeneza. Bawabu wa namna hiyo hakagui bei ya nguo, hukagua kazi ya mikono, na maskini mwenye sindano anaweza kumshinda tajiri mwenye pochi.

Kisha kuna Berlin. Berghain ilifunguliwa mwaka 2004 ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme, na uso wa mlango wake kwa miaka mingi umekuwa Sven Marquardt, aliyezaliwa Berlin Mashariki mwaka 1962. Watu humtambua kwa michoro iliyochanjwa usoni. Nadhani jambo kubwa zaidi kumhusu ni kwamba yeye ni mpigapicha, na alikuwa mpigapicha kabla ukuta wa Berlin haujaanguka. Mtu aliyetumia ujana wake kungoja uso ujifunue mbele ya kamera amejizoeza vizuri kusimama mlangoni. Hapo hapana ubao wa nguo. Amewahi kueleza kwamba anachotafuta ni mchanganyiko wa watu. Anayeruhusiwa kupita hubandikiwa stika juu ya kamera ya simu yake, ili waliomo ndani wacheze bila hofu ya kuonekana kesho. Stika ile hunigusa kuliko foleni zake maarufu. Inaonyesha kwamba ukali wa nje upo kwa ajili ya uhuru wa ndani, na kwamba anayekataliwa nje hukataliwa kwa niaba ya mtu fulani aliye ndani.

Bawabu wa Kinondoni hajafika Berlin, lakini mchanganyiko anaujua. Vikundi vitatu vya wanaume peke yao vikishaingia, cha nne hukipumzisha kwenye baraza, hukiletea maji, hukizungumzisha mpira wa Simba na Yanga, mpaka wapite wenza wawili watatu na akina dada wanaosherehekea siku ya kuzaliwa. Husikiliza ukumbi kwa mgongo. Kelele zikiwa na vicheko ndani yake, huongeza kasi ya kuingiza. Zikibaki kelele tupu, hupunguza.

Lazima niseme pia upande wa giza, maana anayeupenda ufundi hapaswi kuficha kutu yake. Jicho linaloweza kusoma tabia linaweza pia kusoma rangi, kabila, lafudhi na mfuko, kisha likasingizia viatu. Wakati wa ukoloni, katika miji yetu, zilikuwapo klabu ambazo Mwafrika aliziingia akiwa amebeba sinia. Hakuna vazi ambalo lingemfungulia. Huko Uingereza kwenyewe ilibidi itungwe Sheria ya Mahusiano ya Rangi mwaka 1965 kuzuia ubaguzi katika maeneo ya watu wote, na kumbi za dansi zilitajwa humo waziwazi, kwa kuwa milango yake ilikuwa imezoea kusema pamejaa wakati viti vilikuwa vitupu. Nilimuuliza bawabu kama amewahi kuambiwa na mwenye ukumbi azuie watu wa aina fulani. Alisema ndiyo, mahali pengine, zamani. Alifanya miezi miwili akaondoka. "Ukikataa mtu kwa kitu anachoweza kubadilisha, umemfundisha. Ukimkataa kwa kitu alichozaliwa nacho, umemtukana mama yake." Sijapata mstari mzuri kuliko huo wa kupima mlango wowote.

Mkono wake wa kushoto hauonekani kwa urahisi, kwa kuwa huufunga nyuma ya mgongo. Ndani ya kiganja kuna kikaunta cha chuma, cha kubonyeza kwa dole gumba. Kila anayeingia, tiki. Wanaotoka dada huwahesabu kwa cha kwake, na kila nusu saa wawili hao hulinganisha. Hesabu ikifika idadi wanayoijua, kamba hufungwa, hata afike nani. Niliona usiku mmoja mtu mwenye gari kubwa akitoa noti nyingi, akakataliwa kwa upole uleule wa kijana wa Mwananyamala.

Sikuuliza kwa nini, maana mlango wa nyuma ulikuwa umenijibu: walioingia lazima waweze kutoka. Tarehe 28 Novemba 1942, mjini Boston, Marekani, moto ulizuka katika klabu ya Cocoanut Grove. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msongamano. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa funguo. Walikufa watu 492. Tarehe 27 Januari 2013, mjini Santa Maria, Brazili, klabu ya Kiss iliwaka moto, na mwanzoni walinzi wa mlango waliwazuia waliokuwa wakikimbia, wakidhani wanakwepa kulipa. Walikufa 242. Na kwetu, tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto waliovaa nguo zao mpya za sikukuu waliingizwa kwenye disko toto mjini Tabora, wakajazwa ukumbini kupita kiasi, na karibu 20 wakafa. Watoto wale walipita mlangoni mmoja mmoja. Palihitajika dole gumba moja la kuwahesabu, na mtu mzima wa kusema inatosha.

Tangu nilipofikiri hayo, siwezi tena kuuona ubao wa nguo kama kiini cha kazi hii. Nguo ni salamu ya kwanza tu, sababu ya kumsimamisha kila mtu kwa muda mfupi mbele ya jicho linalojali. Katika muda huo bawabu hujua nani anaingia, wangapi wameingia, nani ana hasira, nani ni mtoto, na kama lolote likitokea watatokea wapi. Ndiyo maana huanzia nyuma.

Saa kumi alfajiri bawabu hugeuka. Usiku kucha ameupa ukumbi mgongo, sasa anaupa uso. Wanaotoka huwatazama kwa makini kuliko alivyowatazama wakiingia. Mtu akimtoa binti aliyelegea, ambaye hakuja naye, dada wa mikoba husogea na kuinama: "Mdogo wangu, huyu unamfahamu? Rafiki zako wako wapi?" Kama jibu halikai sawa, binti hukalishwa kwenye kiti changu cha plastiki, hupewa maji, na wenzake hutafutwa. Waendesha bodaboda wanaopanga mstari ng'ambo ya mtaro bawabu anawajua kwa majina, na wao wanajua kwamba anazijua namba za pikipiki zao.

Mila yetu haimwachi mgeni mlangoni. Humsindikiza. Mtu huvaa viatu akatoka na mgeni wake mpaka njia panda, mazungumzo yakaendelea, na asiyesindikizwa hujua kuwa kuna kitu hakikwenda vizuri. Nilikuwa nimeisahau mila hiyo, au nilidhani haiishi mahali penye muziki wa namna ile.

Ijumaa yangu ya mwisho, ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu, alikwenda nyuma akafunga ule mlango kwa kufuli. Akarudi akiwa amevua viatu vyeusi na kuvaa ndala, maana miguu ilikuwa imesimama tangu saa tatu na nusu. Nilimuaga pale pale kwenye kamba. Hakunijibu kwaheri. Alitoka nje, akavuka nami kidaraja taratibu, akaita bajaji, akamsalimu dereva, akamwelekeza mtaa wangu na duka la kona ambapo ningeshukia. Kisha akabaki amesimama kando ya mtaro, mikono nyuma, mpaka tulipokata kona.